Sodiamu Imekwenda Wapi? Umeme, Chumvi na Maji ya Mombasa

Ilikuwa Jumamosi ya Februari, saa tano na nusu asubuhi, joto la kaskazi limeshapanda na madirisha yote ya chumba chetu cha tuisheni huko Majengo yako wazi. Mezani palikuwa na bikari moja ya maji ya chumvi, vijiti viwili vya kaboni tulivyovichomoa ndani ya mawe ya tochi yaliyokufa, na mawe manne mapya yaliyopangwa kichwa kwa mkia na kufungwa kwa selotepu. Mapovu yalipanda kwenye vijiti vyote viwili. Msichana wa kidato cha nne aliyekuwa ameinama kutazama akainua kichwa.

"Mwalimu, chumvi ni sodiamu na klorini. Klorini hiyo naisikia harufu yake. Sasa sodiamu imekwenda wapi?"

Darasa zima likanyamaza. Wote walikuwa wameshakariri kwamba kwenye ncha hasi hutoka haidrojeni, na hakuna aliyekuwa amejiuliza kwa nini isiwe sodiamu. Nilifurahi kupita kiasi. Mtu akilijibu swali hilo sawasawa, elektrolisisi yote ya shuleni, yaani kuvunja vitu kwa umeme, inafunguka.

Vitabu vingi hutoa jedwali. Maji ya chumvi yaliyokolea: haidrojeni na klorini. Maji ya chumvi hafifu: haidrojeni na oksijeni. Salfeti ya shaba kwa vijiti vya kaboni: shaba na oksijeni. Salfeti ya shaba kwa vipande vya shaba: huku shaba inaliwa, huku shaba inajengeka. Jedwali ni la kweli, lakini anayelikariri Machi hulichanganya kabla Novemba haijafika, na mtihani ukileta chumvi ambayo hamkuifanya darasani hana pa kushika. Mimi huwaomba wanafunzi wangu waulize mambo mawili tu kila wanapoona bikari: ndani ya maji haya mna nani na nani, na vijiti hivi ni vya nini?

Kabla ya kuendelea, kuna mtego wa lugha ambao sisi tunaosema Kiswahili tunauingia bila kujua. Tunasema chumvi imeyeyuka kwenye mchuzi. Tunasema pia barafu imeyeyuka, risasi imeyeyuka motoni. Neno ni moja, mambo ni mawili. Ndani ya mchuzi chumvi imemumunyika: maji yameingia katikati ya chembe zake na kuzitenganisha, na maji yenyewe bado yamo, tena ndiyo mengi kuliko kitu kingine chochote humo. Motoni, chumvi kavu inahitaji nyuzi 801 za Selisiasi ili iwe kama uji, na ndani ya uji huo hamna maji hata tone. Mwanafunzi anayefundishwa kwa Kiingereza na kujitafsiria moyoni kwa Kiswahili huyapokea maneno mawili tofauti ya mwalimu, yakatua kichwani mwake kama neno moja. Ndipo sodiamu inapopotea. Kwa hiyo katika makala haya nitasema kuyeyuka pale penye moto tu, na penye maji nitasema kumumunyika.

Motoni, jibu la msichana wetu ni jepesi: sodiamu inatoka, na unaweza kuichota. Mwaka 1807 Humphry Davy, huko London, alipitisha umeme kwenye potashi iliyoyeyushwa akapata potasiamu. Siku chache baadaye akafanya hivyo kwa magadi kaustiki, yaani haidroksidi ya sodiamu, akapata sodiamu. Kabla ya hapo hakuna binadamu aliyewahi kuviona vyuma hivyo viwili vikiwa peke yake. Hata leo sodiamu ya viwandani hutolewa kwenye chumvi iliyoyeyushwa, ikichanganywa na kloridi ya kalsiamu ili iyeyuke kwenye joto la nyuzi kama 600 badala ya 801. Humo ndani wenye kugombea ncha hasi ni ioni za sodiamu, na kalsiamu kidogo iliyoongezwa. Maji hayamo, kwa hiyo hayashindani.

Kwenye bikari yetu maji yamo, na yanashindana.

Umeme unaingiaje humo? Ndani ya waya zinatembea elektroni. Elektroni haziogelei, zikifika kwenye kijiti ndiyo mwisho wa safari yao. Ndani ya maji wanaotembea ni ioni, chembe zenye chaji, na jina lao linasema hivyo hivyo: mwaka 1834 Michael Faraday alipohitaji maneno mapya ya kazi yake alisaidiwa na William Whewell wa Cambridge, na "ioni" ni neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kinachokwenda. Zenye chaji chanya huelekea kijiti hasi, kathodi. Zenye chaji hasi huelekea kijiti chanya, anodi. Kwenye kathodi kuna elektroni za bure zinazotafuta wa kuzipokea. Kwenye anodi kunatafutwa wa kuzitoa. Anayepokea kwa wepesi zaidi ndiye anayepokea, na anayetoa kwa wepesi zaidi ndiye anayetoa. Kila kitu kingine katika mada hii ni kupima wepesi huo.

Basi tuanze kwenye kathodi. Wamekuja wawili: ioni ya sodiamu na maji yenyewe. Wanakemia hupima utayari wa kupokea elektroni kwa volti, na namba ikishuka chini ya sifuri maana yake ni ugumu. Sodiamu iko kwenye volti −2.71. Maji, hata yakishakuwa na alkali nyingi, yako kwenye −0.83. Si mashindano ya karibu. Maji yanazipokea elektroni, yanavunjika:

2H₂O + 2e⁻ → H₂ + 2OH⁻

Haidrojeni inapanda kama mapovu madogo madogo, na ukikinga kwenye tyubu na kusogeza njiti ya kiberiti inalia pap. Kinachobaki nyuma ni ioni ya haidroksidi, OH⁻. Vitabu vya shule husema ni ioni za H⁺ zilizomo majini ndizo zinazopokea. Njia hiyo ya kuandika inafikia mahali pale pale, kwa sababu kila H⁺ inayoondoka inaacha OH⁻ moja nyuma. Ila mimi napenda kuandika maji. Katika maji safi, H⁺ ni moja kwa kila molekuli milioni mia tano na zaidi za maji, na mwanafunzi makini atauliza, kwa haki kabisa, chembe chache hivyo zinawezaje kutoa mapovu yote haya.

Na sodiamu? Haijaenda popote. Imo majini vile vile ilivyokuwa, Na⁺, isipokuwa mwenzake amebadilika. Alikuwa kloridi, sasa ni haidroksidi. Nilimpa yule msichana kitone cha fenolfthalini, dawa inayogeuka waridi penye alkali, akidondoshe karibu na kijiti hasi. Pale pale pakawa na wingu la waridi, likishuka polepole kama rangi ya nguo inayotoka kwenye beseni, huku upande wa pili wa bikari maji yakibaki meupe. Hilo wingu linaonyesha haidroksidi, na kila haidroksidi inayozaliwa pale inasawazishwa na sodiamu ambayo alidhani imepotea. Viwanda vikubwa vya magadi kaustiki duniani vinafanya kazi hii hii, ila katikati vinaweka utando unaoruhusu sodiamu kupita na kuzuia klorini isirudi kuchanganyika na alkali.

Darasani kwetu utando hatuna, na hapo panatokea jambo ambalo kila mtu wa Mombasa analijua kwa pua. Klorini ikikutana na haidroksidi kwenye maji ya baridi hutengeneza haipokloraiti ya sodiamu. Hiyo ndiyo dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ambayo wengi wetu tunaiita Jik hata ikiwa ya kampuni nyingine. Mwanafunzi akisema bikari inanuka kama sakafu ya zahanati iliyopigwa deki, asikatazwe. Ameandika tokeo sahihi.

Kwenye anodi ndiko kwenye utata halisi, na ndiko ambako vitabu huharakisha. Wamekuja tena wawili: kloridi na maji. Maji yakitoa elektroni yanaacha oksijeni. Kloridi ikitoa inaacha klorini. Ukitazama namba peke yake, maji ndiyo yangeshinda: kutoa oksijeni kwenye maji yasiyo asidi wala alkali kunahitaji volti 0.82, na kutoa klorini kunahitaji 1.36. Lakini sisi tulikuwa tumeweka kijiko baada ya kijiko mpaka chumvi ikaanza kubaki chini, yaani karibu gramu 36 kwa kila mililita 100 za maji, na iliyotoka ni klorini. Karatasi ya litmasi ya buluu iliyoloweshwa ikawa nyekundu kidogo kisha ikapauka kabisa.

Kitabu husema sababu ni kukolea kwa kloridi. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kupunguza chumvi kutoka kwenye kukolea huko hadi moja ya hamsini yake kunasogeza ile 1.36 kwa volti 0.1 tu, na pengo lililokuwepo ni zaidi ya nusu volti. Nusu ya pili ni mwendo. Ili molekuli moja ya oksijeni izaliwe, inabidi elektroni nne ziondolewe na atomu mbili za oksijeni zishikamane, yote juu ya uso wa kijiti. Kazi hiyo ni ya polepole sana juu ya kaboni, na umeme unalazimika kulipa volti za ziada kuisukuma. Kloridi kazi yake ni nyepesi: toa elektroni moja moja, shikaneni wawili wawili, ondokeni. Mtu anayevuka Likoni asubuhi anaelewa: wanaoingia feri kwanza ni wale wasio na mizigo, hata kama wengine walifika kabla yao. Chumvi ikiwa kidogo sana, wasio na mizigo wanakuwa wachache mno langoni, na maji yanapata nafasi yake. Hapo oksijeni inaanza kutoka, mara nyingi ikiwa imechanganyika na klorini kidogo. Hakuna mstari mkali kati ya "hafifu" na "iliyokolea". Mwanafunzi anayepata gesi inayowasha kijiti chenye kaa lakini pia inanukia klorini hajaharibu jaribio.

Sasa swali la pili, la vijiti. Hapa nina jambo langu mwenyewe la kusema.

Nilipokuwa mwanafunzi, katika shule ambayo sitaitaja, maabara ilikuwa na bikari lakini haikuwa na vijiti vya kaboni. Tulipewa misumari ya nchi tatu. Tulitumbukiza misumari miwili kwenye maji ya chumvi, tukaunga betri, tukasubiri klorini. Kwenye ncha hasi mapovu yalitoka vizuri. Kwenye ncha chanya hapakuwa na povu wala harufu. Maji yakaanza kuwa ya kijani chafu, kama maji ya mtaro, kisha juu yakawa ya hudhurungi. Tulimwangalia mwalimu. Akatuambia tuandike: "gesi ya kijani-manjano ilitoka kwenye anodi." Tukaandika, sote, arobaini na kitu. Nilikaa miaka mingi nikiamini kwamba mikono yangu ndiyo iliyokosea. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu kilichokuwa mbele yetu kilikuwa kemia nzuri kabisa na hakuna aliyetueleza.

Msumari ni chuma, na chuma kinatoa elektroni kwa wepesi kuliko maji na kuliko kloridi. Kikiwekwa kwenye anodi hakikai kando kutazama wengine wakishindana, kinajitoa chenyewe. Atomu za chuma zinaingia majini kama Fe²⁺, zinakutana na haidroksidi inayokuja kutoka kathodi, na kufanya tope la kijani la haidroksidi ya chuma. Hewa ikiligusa tope hilo linageuka la hudhurungi, karibu ndugu wa kutu inayokula mabati yetu huku pwani. Msumari wa ncha chanya ukiutoa baada ya nusu saa utaona umeliwa, umechongoka, una vishimo. Wa ncha hasi uko mzima.

Waya za shaba zilizochunwa ncha na kutumbukizwa moja kwa moja zina kisa kama hicho. Kwenye anodi shaba inaliwa, na majini hutokea tope la rangi ya chungwa, ambalo ni oksidi ya shaba. Vijana wengi huniletea picha ya tope hilo kwenye simu wakiuliza kama ndiyo klorini. Vyuma visivyoshika kutu, kama vijiko vya stenlesi, ndivyo ninavyovikataza kabisa upande wa anodi, kwa sababu ndani yake mna kromiamu, na ikiingia majini inaweza kuwa kromati, sumu inayosababisha saratani. Kwa anodi tumieni kaboni. Ile ya jiwe la tochi inatosha, lakini lazima liwe jiwe la kawaida la zinki na kaboni, si la alkali. Jivu jeusi linaloizunguka ni dioksidi ya manganizi, linafutwa kwa gazeti na mikono inaoshwa. Risasi ya penseli nayo inafaa ila inavunjika upesi. Na msishtuke mkiona unga mweusi chini ya bikari: kaboni yenyewe inamomonyoka taratibu kwenye anodi, na sehemu yake huungua na oksijeni ikatoka kama kabonidioksidi.

Jiwe moja la tochi halitoshi, na kuna hesabu nyuma yake. Ili klorini na haidrojeni zitoke pamoja zinahitajika volti 1.36 na 0.83, jumla 2.19, kabla hata ya kulipia uvivu wa vijiti na upinzani wa maji. Jiwe moja lina volti 1.5. Mwanafunzi atakaa akitazama bikari iliyokufa na kudhani waya imekatika. Mawe mawili yanajikongoja. Manne, volti 6, yanafanya kazi inayoonekana. Umeme wa ukutani hauguswi. Ni volti 240 zinazoua, na tena ncha zake zinabadilishana mara 100 kila sekunde, kwa hiyo hata jaribio lenyewe halitafanikiwa.

Kuhusu klorini sitaki kumtisha mtu wala kumdanganya. Hii ndiyo gesi iliyofunguliwa juu ya askari karibu na Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Tufanye hesabu ya bikari yetu. Umeme wa ampia 0.5 ukipita dakika 10 ni kulombu 300. Gawanya kwa 96,500, ambayo ni chaji ya moli moja ya elektroni (moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe), unapata moli 0.0031. Kila molekuli ya klorini inataka elektroni mbili, kwa hiyo ni moli 0.00155, na kwa kuwa moli moja ya gesi yoyote kwenye joto la kawaida la chumbani huchukua lita 24, tumepata sentimita za ujazo 37 hivi. Katika darasa la mita 10 kwa 8 lenye dari ya mita 3, hata kama yote ingetoka majini, ingekuwa kama sehemu 0.15 kwa milioni. Pua inaanza kuisikia, mapafu hayadhuriki. Sasa chukua bikari hiyo hiyo ukaifanyie kwenye jiko dogo la mita 2 kwa 2 lililofungwa dirisha kwa sababu ya mbu: dari ikiwa ile ile ya mita 3, unafika karibu sehemu 3 kwa milioni. Uingereza, kiwango cha juu kazini ni 0.5 kwa dakika 15. Mwenye pumu asikaribie kabisa. Ndiyo maana kwetu madirisha yalikuwa wazi, na ndiyo maana ninawaambia wazazi: chumbani hapana, barazani penye upepo sawa, dakika chache tu, na mtu mzima awepo.

Hesabu hiyo hiyo inamaliza swali jingine linalosumbua. Haidrojeni na klorini zinapaswa kutoka kwa ujazo sawa, kwa nini kwenye tyubu klorini ni kidogo? Kwa sababu maji ya kawaida yana uwezo wa kumeza klorini mara mbili hivi ya ujazo wake, na nyingine inaliwa na haidroksidi. Maji ya chumvi iliyokolea humeza kidogo zaidi, lakini humeza. Acheni umeme upite dakika kadhaa kwanza, maji yashibe, ndipo mweke tyubu za kukusanyia.

Halafu kuna maji yetu ya Mombasa, ambayo hayajaandikwa kwenye kitabu chochote cha maabara. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na visima vingi vina chumvi na chokaa. Kila mtu anajua maji ya kisima hayatoi povu la sabuni na chai yake ina ladha. Ukiyatumia hayo kwa jaribio la salfeti ya sodiamu ukitarajia haidrojeni mbili kwa oksijeni moja, kloridi iliyomo tangu kisimani itajiingiza kwenye anodi na utasikia harufu ambayo kitabu hakikuiahidi. Mfereji nao ukikauka tunanunua mtungi kwenye mkokoteni, na hakuna anayejua mtungi huo ulijazwa wapi. Kwa majaribio yanayodai usafi, nunueni maji ya betri kwenye kituo cha mafuta, yale yaliyochujwa madini. Soma kibandiko mara mbili: rafu hiyo hiyo huuza asidi ya betri. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa nayo yanafaa.

Mrututu, yaani salfeti ya shaba, unafuata kanuni zile zile kwa namna inayopendeza macho. Kwenye kathodi wamekuja ioni ya shaba na maji, na shaba, tofauti na sodiamu, ni mpokeaji mwepesi: +0.34. Inashika kijiti. Kwenye anodi ya kaboni salfeti haiwezi kushindana na maji, kwa hiyo inatoka oksijeni, buluu ya maji inafifia siku inavyosonga, na kinachobaki ni asidi ya salfa. Ukiweka anodi ya shaba, shaba hiyo inajitoa kama ule msumari wangu ulivyojitoa, inaingia majini kwa kiasi kile kile kinachotoka upande wa pili, na buluu haibadiliki. Ndivyo shaba ya nyaya za nyumba zetu inavyosafishwa.

Faraday aliona kwamba kiasi cha metali kinacholala kwenye kathodi kinafuata chaji iliyopita, na mrututu unakuruhusu kumhakiki kwa mizani ya duka la dawa. Ampia 0.2 kwa dakika 30 ni kulombu 360, sawa na moli 0.00373 za elektroni. Kila ioni ya shaba inataka mbili, kwa hiyo moli 0.00187, mara 63.5, gramu 0.118. Wanafunzi wangu wakipata 0.10 huwa wanataka kuandika 0.12. Nawakatalia. Tunatafuta gramu hizo zilikokwenda, na karibu kila mara tunazikuta chini ya bikari. Umeme ukiwa mkali mno shaba hujijenga haraka ikawa nyeusi nyeusi na laini kama masizi, ikabanduka wakati wa kuosha. Umeme ukiwa mpole inashika vizuri, rangi yake ya waridi kama samaki aliyekatwa. Na mabaki ya mrututu hayamwagwi kwenye sinki. Mitaro yetu mingi inaishia kwenye hori, na shaba ni sumu kwa samaki na viumbe wa baharini hata ikiwa kidogo. Tupieni misumari ya zamani ndani yake, iacheni siku mbili. Chuma kitachukua nafasi ya shaba na shaba itatulia chini.

Wiki mbili baadaye yule msichana alikuja na chupa ya maji ya bahari, aliyoyachota ufukweni Mama Ngina maji yakiwa yamejaa. Alikuwa ameshakokotoa: bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, kwa hiyo kloridi ipo ya kutosha na klorini itatoka. Anodi akaweka kaboni. Kathodi akaweka msumari, akaniangalia kama anayesubiri kukemewa. Nilimwuliza kwa nini msumari. "Huku elektroni zinaingia, Mwalimu, hazitoki. Hautaliwa." Nikakaa chini.

Klorini ilitoka. Lakini kwenye msumari, pamoja na mapovu, kukatokea ukungu mweupe, mwembamba kwanza kama moshi wa udi, ukashuka ukakaa chini. Na baada ya nusu saa msumari wenyewe ulikuwa na ganda jeupe. Kwa chumvi ya mezani hatukuwahi kuuona hivyo. Bahari, mbali na sodiamu, ina gramu 1.3 hivi za magnesiamu kwa kila lita na gramu 0.4 za kalsiamu. Wao pia hawawezi kushindana na maji kwenye kathodi, ila haidroksidi inayozaliwa pale inawakamata: haidroksidi ya magnesiamu haimumunyiki, inadondoka, na kalsiamu nayo inaweza kudondoka kama kaboneti.

Tulitaka kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Mama wa nyumba ile akatupatia ndimu. Kaboneti ingechemka kwa mapovu, kama chokaa au kipande cha tumbawe kinavyochemka kwenye asidi. Msichana aliamini ni kaboneti, kwa sababu ya matumbawe, na alikuwa ameshaanza kuiandika. Akakamua matone matatu juu ya msumari. Ganda likalainika, likatoweka. Hapakuwa na povu. Akakamua tena upande wa pili, akasogeza uso karibu, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akakata neno alilokuwa ameliandika, akaandika juu yake: "Limemumunyika. Halikutoa mapovu."